Mumiani si Dracula: Tusiwatie wanyonya damu wote katika kapu moja

KUMEZUKA mazoea, hasa miongoni mwa wanafunzi wa fasihi simulizi, ya kuwakusanya viumbe wote wanaosemekana kunywa damu ya binadamu na kuwabandika jina moja. Aswang wa Ufilipino, jiangshi wa China, adze wa Waewe wa Ghana na Togo, soucouyant wa Trinidad na mumiani wa pwani yetu, wote huitwa vampaya. Mwanafunzi akiulizwa mumiani ni nani, jibu huja mbio: "Ni vampaya wa Waswahili." Anapata alama zake, na mjadala unafungwa hapo.

Nina maoni kwamba jibu hilo ni la uvivu. Tena si uvivu wa kitaaluma tu. Masimulizi ya wanyonya damu yameua watu halisi, wenye majina na jamaa, na yanaendelea kuua. Mhakiki anayekosea kumtambua kiumbe anayesimuliwa hukosea pia kutambua ni nani atakayepigwa mawe masimulizi hayo yakipamba moto.

Hebu tuanze na huyo vampaya mwenyewe, kwa sababu wengi wetu tulimjua kupitia sinema kabla ya kumjua kupitia historia.

Maiti ya kijijini

Neno hili lilienea Ulaya magharibi kutoka nchi za Waslavi, hususan Serbia, katika karne ya 18. Wakati huo kaskazini mwa Serbia palitawaliwa na Waaustria. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo, alifariki mkulima aliyeitwa Petar Blagojević. Ndani ya siku nane walikufa wanakijiji wengine tisa, na ikasemekana kwamba marehemu alikuwa akiwajia usiku na kuwakaba. Wanakijiji walimlazimisha afisa wa serikali kushuhudia kaburi likifukuliwa. Maiti ilichomwa mti kifuani, kisha ikateketezwa. Mnamo 1732 madaktari wa jeshi waliandika ripoti rasmi kuhusu kisa kama hicho katika kijiji cha Medveđa, ambako lawama ziliangukia marehemu aliyeitwa Arnold Paole. Ripoti hiyo ilisomwa kote Ulaya. Hivyo ndivyo neno la wakulima wa Serbia lilivyoingia katika magazeti ya Ujerumani, Ufaransa na Uingereza.

Ufukuaji uliendelea hadi 1755, Malkia Maria Theresa wa Austria alipomtuma daktari wake, Gerard van Swieten, kuchunguza. Baada ya ripoti ya daktari huyo, malkia alipiga marufuku kufukua makaburi na kuchoma maiti kwa shutuma hizo.

Zingatia sifa tatu za vampaya huyu. Kwanza, ni maiti. Pili, ni mwenyeji: ni mume, ndugu au jirani aliyezikwa juzi, na waathiriwa wake wa kwanza ni watu wa nyumbani kwake. Tatu, damu anaitumia mwenyewe. Hamuuzii mtu, wala hatumwi na mtu.

Mtafiti Paul Barber, katika kitabu chake cha 1988 kuhusu vampaya, mazishi na kifo, ameeleza vizuri kiini cha imani hii. Maiti inapooza, tumbo hujaa hewa na kimiminika chenye rangi ya damu husukumwa hadi mdomoni. Ngozi hujikunja, na kucha huonekana kana kwamba zimeendelea kukua. Kwa mtu asiyejua elimu ya uozo, aliyefukua kaburi akiwa na hofu, ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake. Wanakijiji wale hawakuwa wajinga; walikuwa wakitafuta sababu ya vifo vya mfululizo kabla hakujawa na elimu ya vijidudu.

Kisa cha Mercy Brown wa Exeter, Rhode Island, Marekani, kinathibitisha hoja hiyo. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1892, baada ya ugonjwa huohuo kumuua mamake na dadake. Nduguye, Edwin, naye alikuwa mgonjwa. Majirani walishikilia kwamba mmoja wa marehemu alikuwa akiwala walio hai. Kaburi la Mercy likafunguliwa, moyo wake ukachomwa, na jivu likachanganywa na maji, Edwin akanyweshwa. Alikufa baada ya muda mfupi. Hapa napo adui ni yule aliyekufa nyumbani.

Bwana mkubwa mwenye ngome, joho na Kiingereza fasaha alikuja baadaye, na ni zao la fasihi andishi: hadithi ya John Polidori ya 1819, kisha riwaya ya Bram Stoker, Dracula, ya 1897. Hata popo tunayemhusisha na vampaya si wa Ulaya. Popo wanaokunywa damu wanapatikana katika bara la Amerika pekee. Wazungu waliwakuta huko wakawapa jina la kiumbe wa ngano zao. Kwa hivyo anayemtafsiri vampaya kuwa "popo mnyonya damu" amegeuza mambo: mnyama ndiye aliyerithi jina la zimwi.

Mwajiriwa mwenye ndoo

Sasa tumgeukie mumiani. Neno lenyewe lina safari ndefu. Asili yake ni Kiajemi, ambamo mumiyai ni aina ya lami ya asili inayochuruzika miambani na ambayo kwa karne nyingi imetumiwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu. Kupitia Kiarabu, neno hilohilo lilifika Ulaya na kuwa jina la maiti zilizohifadhiwa za Misri, kwa kuwa zilidhaniwa zimepakwa lami hiyo. Mumiani wetu na maiti za mafirauni zilizomo katika majumba ya makumbusho ni watoto wa neno moja.

Kamusi sanifu ya Kiswahili na Kiingereza iliyotayarishwa chini ya Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inaeleza kwamba mumiani ni dawa nyeusi mfano wa gundi, inayosemekana kuletwa kutoka Uajemi, ambayo hupakwa mwilini au huyeyushwa katika samli na kunywewa. Kisha inaongeza kwamba wenyeji wengi waliamini kabisa ni damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo, na kwamba uvumi ukienea kuwa mumiani inatafutwa, watu hawatoki nje baada ya jua kuchwa.

Hapo pana jambo la kisarufi ambalo mwanaisimu hawezi kulipita. Mumiani, katika maana yake ya kwanza, ni kitu. Ni dawa, ni bidhaa. Baadaye ndipo jina la bidhaa likahamia kwa mtu anayeitafuta, tukawa tunasema "mumiani amekuja" badala ya "mumiani inatafutwa". Upatanisho wa kisarufi ulibadilika, na ndani ya badiliko hilo mna historia nzima. Jina la vampaya linamtaja mlaji. Jina la mumiani linaitaja biashara.

Linganisha sifa zake na zile tatu za vampaya. Mumiani si maiti. Ni mtu hai, mwenye kazi na mshahara. Si mwenyeji, ni mgeni, au mwenyeji anayemtumikia mgeni. Na damu haimfai yeye. Anaikinga kwenye ndoo au chupa na kuipeleka kwingine, kwa wakubwa ambao msimuliaji hajawahi kuwaona. Hana meno marefu. Ana vifaa: kamba, sindano, dawa ya kulevya, gari.

Wakati wa ukoloni, masimulizi haya yalienea mbali na pwani na kuvaa majina mapya. Nairobi, waliotajwa ni wazimamoto, watumishi wa idara ya kuzima moto, na jina hilo la Kiswahili likavuka mpaka hadi Uganda kama bazimamoto. Rhodesia Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, waliitwa banyama. Katika Kongo ya Wabelgiji waliitwa batumbula. Kila mahali kisa kilifanana: watu wenye sare, wanaofanya kazi usiku kwa niaba ya serikali au kampuni, wanakamata watu na kuwatoa damu.

Kwa nini wazimamoto? Hebu fikiria mji ambao nyumba za wengi ni za udongo na makuti au mabati, na zikishika moto, majirani ndio huja na ndoo za maji. Wakati huohuo kuna kikosi chenye magari mekundu, kengele na mabomba, kinacholipwa mwaka mzima. Mkazi wa kawaida alikuwa na haki ya kuuliza: hawa kazi yao hasa ni ipi? Tena huo ulikuwa wakati ambapo wakoloni walichukua damu ya watu kwa wingi ili kuichunguza, kwa mfano katika kampeni dhidi ya ugonjwa wa malale, bila kuwaeleza wenye damu inakwenda wapi.

Na kuhusu Wazungu kula miili ya watu, uvumi haukuwa umepotoka kama inavyodhaniwa. Katika karne za 16 na 17 unga wa maiti za Misri uliuzwa katika maduka ya dawa Ulaya, na wagonjwa waliunywa. Ambroise Paré, daktari mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliandika mwaka 1582 kuukashifu mtindo huo.

Binamu wa Peru

Ikiwa mumiani anahitaji jamaa wa mbali, basi jamaa huyo hayuko Transylvania. Yuko katika milima ya Andes, nchini Peru, na anaitwa pishtaco. Yeye hatafuti damu. Anatafuta mafuta ya mwili wa binadamu. Husimuliwa kuwa mgeni, mara nyingi mzungu au mtu anayewatumikia wazungu, anayewavizia Wahindi wekundu njiani, kuwachinja na kuyauza mafuta yao. Kadiri nyakati zilivyobadilika, mafuta hayo yalisemekana kutumiwa kutengeneza kengele za kanisa, kisha kulainisha mitambo, kisha kuendesha ndege.

Kasisi Mhispania, Cristóbal de Molina, aliyeandika katika miaka ya 1570 kutoka Cuzco, anaeleza kwamba wenyeji waliwaogopa Wahispania kwa kuamini kwamba walitafuta mafuta ya binadamu yatumike kama dawa. Dawa tena! Na hapa pia uvumi ulikuwa na mzizi: Bernal Díaz, mwanajeshi aliyeshiriki uvamizi wa Mexico, anakiri katika kumbukumbu zake kwamba yeye na wenzake walitibu majeraha yao kwa mafuta ya mwenyeji waliyemuua.

Watu wa Mombasa na watu wa Cuzco hawakuwahi kukutana. Hata hivyo, walibuni kisa chenye umbo moja kwa sababu walikabili jambo moja: utawala wa kigeni uliochukua nguvu za miili yao na kuzipeleka ng'ambo.

Kwa msingi huu, napendekeza kwamba wanyonya damu wa dunia wagawanywe katika makundi matatu. Kuna maiti arudiye, kama vampaya wa Serbia. Jiangshi wa China yuko hapa pia, ingawa yeye hufyonza pumzi ya uhai wala si damu. Kuna jirani mchawi, aliye hai na anayebadilika usiku: adze anayegeuka kimulimuli, au soucouyant, bibi kizee anayevua ngozi na kuruka kama mpira wa moto. Kisha kuna mtumwa wa mgeni, yaani mumiani na pishtaco. Kundi la kwanza linaeleza ugonjwa. La pili linaeleza husuda. La tatu linaeleza unyonyaji, na si kwa bahati kwamba Kiswahili kiliteua kitenzi hichohicho, kunyonya, pale siasa ilipohitaji neno la kumtaja bepari.

Ubora na upungufu wa Luise White

Hakuna aliyeitafiti mada hii kwa kina kumshinda mwanahistoria Mmarekani Luise White. Kitabu chake, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000, kina deni kwa wanawake wa Nairobi ambao walimsimulia habari za wazimamoto alipokuwa akitafiti historia nyingine kabisa. Badala ya kuzitupa kama porojo, alizifanya kuwa ushahidi. Hoja yake ni kwamba kisa kisicho cha kweli kinaweza kutueleza ukweli ambao faili za serikali hazina: watu waliionaje kazi, mshahara, sindano na sare. Hilo ni somo kubwa, na wahakiki wetu wangali wanalihitaji.

Lakini jina la kitabu linanisumbua. Si kwamba White hakuiona tofauti. Kitabu chenyewe kinaonyesha ukurasa baada ya ukurasa kwamba wanaosimuliwa ni waajiriwa. Hata mwanaanthropolojia Peter Pels, aliyeandika mwaka 1992 kuhusu mumiani wa Uluguru nchini Tanzania, alimwita "vampaya mweupe" katika kichwa cha makala yake. Msomaji wa ng'ambo hufika akiwa na picha ya Dracula kichwani, na inabidi kitabu kizima kitumike kuifuta. Mbona mumiani asiitwe mumiani? Lugha za Ulaya ziliazima neno vampaya kutoka kwa wakulima wa Serbia bila kulitafsiri. Zinashindwaje kuazima letu?

Upungufu wa pili si wa White peke yake. Ni hatari ya mkabala mzima wa kuusoma uvumi kama sauti ya mnyonge. Ni kweli uvumi wa mumiani humshutumu mwenye nguvu. Je, jiwe humpata nani?

Jiwe humpata nani?

Septemba na Oktoba 2017, wilaya za Mulanje na Phalombe kusini mwa Malawi zilikumbwa na uvumi wa wanyonya damu, wanaoitwa anamapopa. Umoja wa Mataifa uliwaondoa wafanyakazi wake huko. Serikali ikatangaza kafyu. Kufikia mwishoni mwa Oktoba, watu wasiopungua wanane walikuwa wameuawa na umati. Mmoja wao, karibu na jiji la Blantyre, alikuwa kijana mwenye kifafa. Alichomwa moto.

Haikuwa mara ya kwanza nchini humo. Mwishoni mwa 2002, wakati wa njaa, ulienea uvumi kwamba serikali inabadilisha damu ya raia kwa chakula cha msaada. Ukitazama kwa jicho la mhakiki, utaona sitiari kali kuhusu nchi maskini na wafadhili wake. Lakini wafadhili hawakuchomwa moto.

Zanzibar, mwaka 1995, hofu ya popobawa ilipozagaa, aliyeuawa na umati alikuwa kijana mwenye maradhi ya akili. Popobawa hanyonyi damu, na wengi walioandika juu yake wameihusisha hofu hiyo na joto la kisiasa la mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza tangu kurejeshwa kwa vyama vingi. Hata hivyo, aliyekufa hakuwa mwanasiasa.

Kuna zaidi. Mwenye nguvu akishajua masimulizi ya watu yanavyofanya kazi, anaweza kuyatumia dhidi yao. Edward Lansdale, afisa wa Marekani aliyekuwa Ufilipino katika miaka ya 1950, anasimulia katika kumbukumbu zake za 1972 jinsi kikosi chake kilivyomkamata mpiganaji wa Huk, kikamtoboa matundu mawili shingoni, kikamning'iniza kichwa chini hadi damu ikaisha, kisha kikairudisha maiti njiani ili wenzake waamini ameliwa na aswang. Matundu mawili shingoni! Aswang wa masimulizi mengi hunyonya kwa ulimi mrefu mwembamba. Matundu ni ya Dracula. Na Novemba 2009, polisi wa Peru walitangaza kwamba wamelinasa genge linaloua watu na kuuza mafuta yao Ulaya. Dunia ilishtuka. Baadaye madai hayo yaliporomoka, na mkuu wa upelelezi akasimamishwa kazi.

"Paukwa" na "Umesikia?"

Turudi nyumbani. Katika mafunzo ya fasihi simulizi, tumezoea kumtafutia kila kiumbe wa kutisha nafasi katika ngano za mazimwi. Mumiani haingii humo. Ngano ya zimwi hufunguliwa kwa "Paukwa!" na hadhira hujibu "Pakawa!" Fomula hiyo ni mkataba: msimuliaji na msikilizaji wamekubaliana kwamba wanaingia katika ulimwengu wa kubuni. Kisa cha mumiani hakina mkataba. Hufunguliwa kwa "Umesikia?" na ushahidi wake ni "binamu ya jirani yangu aliponea chupuchupu". Kinatokea jana, mtaani mwetu, na hakina mwisho, kwa sababu mwisho wake unasubiri msikilizaji atende jambo.

Huo ni utanzu wenye kanuni zake, yaani uvumi, na unastahili kufundishwa hivyo. Mwanafunzi anayeweza kutaja vipengele vitano vya ngano ya mtanziko angefaidika pia kwa kujua vipengele vya uvumi: shahidi asiyepatikana, mahali panapojulikana, adui asiye na jina, na haraka. Siku hizi "Umesikia?" huja kwa simu, ikiwa na picha na sauti, na hufika kaunti kumi kabla ya chai ya saa nne. Mhudumu wa afya anayekusanya sampuli za damu kijijini, dereva aliyepotea njia, mgeni aliyemsalimia mtoto: hawa ndio watakaovalishwa sura ya mumiani, si tajiri aliye mbali.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hunukuliwa kana kwamba inauthibitisha uvumi. Mimi naisoma kama onyo. Lisemwalo lipo, naam: katika masimulizi ya mumiani upo ukweli kuhusu ukoloni, kuhusu damu iliyochukuliwa bila maelezo, kuhusu watu waliofanya kazi na wasione faida. Huo ndio tunaopaswa kuufundisha. Na kama halipo, laja: umati unaoamini kwamba damu inamwagwa, mara nyingi huishia kuimwaga wenyewe.

Tumwache Dracula na ngome yake. Mumiani ni wetu, ana historia yake na kesi yake ya kujibu. Tumwite kwa jina lake, na tukishamwita, tuulize maswali mawili ambayo vampaya hawezi kutufundisha kuyauliza: damu inakwenda wapi, na anayelipia kisa hiki kwa uhai wake ni nani?